Ndugu Yako Kaua Tena

Ijumaa ya tarehe 6 Novemba 2009 nilikuwa kidato cha sita, shule ya bweni ya wasichana, mbali na pwani. Tulikuwa kwenye foleni ya uji. Matroni alikuwa na redio ndogo aliyozoea kuiweka dirishani kwake, na kila asubuhi tulisikiliza taarifa ya habari tukitaka tusitake. Siku hiyo walisema mwanajeshi wa Marekani amewafyatulia risasi wenzake ndani ya kambi ya Fort Hood, jimbo la Texas, na watu zaidi ya kumi wamekufa. Kisha wakataja jina lake: Meja Nidal Hasan.

Rafiki yangu, niliyekaa naye dawati moja tangu kidato cha tano, alinigeukia akiwa na kikombe mkononi.

"Ndugu yako kaua tena," akasema.

Wasichana waliokuwa karibu walicheka. Na mimi nikacheka.

Sikuwa na ndugu Texas. Sikuwa na ndugu Palestina walikotoka wazazi wa meja yule, ambaye mwenyewe alizaliwa Virginia. Ndugu zangu walikuwa Bagamoyo: shangazi aliyekaanga samaki, baba mdogo aliyeshona makuti ya kuezekea, na binamu wasiohesabika ambao siku hiyo walikuwa wakijiandaa kwenda kuswali Ijumaa bila kujua kwamba kuna mtu kaua kwa niaba yao. Lakini nilikuwa na jina la Kiislamu na hijabu kichwani, na hilo lilitosha. Maneno ya rafiki yangu yalinipita haraka, maana shuleni watu hutaniana. Kilichobaki kunisumbua kwa miaka ni kicheko changu.

Tulijifunza mengi zaidi kuhusu Fort Hood katika majuma yaliyofuata. Waliouawa walikuwa 13, na waliojeruhiwa walizidi 30. Muuaji alikuwa daktari wa magonjwa ya akili, kazi yake ikiwa kuwasikiliza wanajeshi waliorudi kutoka vitani Iraq na Afghanistan, na yeye mwenyewe alikuwa akikaribia kupelekwa Afghanistan. Ilijulikana pia kwamba alikuwa akiandikiana barua pepe na Anwar al-Awlaki, mhubiri aliyekuwa Yemen, na kwamba wakubwa wake waliona dalili mbaya mapema wakazifumbia macho. Sisemi kwamba dini haikuhusika. Alipofikishwa mahakamani mwaka 2013 alijitetea mwenyewe, akakiri kwamba ndiye aliyepiga risasi, akataka kujenga hoja kwamba alikuwa akiwalinda viongozi wa Taliban. Jaji aliikataa hoja hiyo, na mahakama ya kijeshi ikamhukumu kifo.

Wamarekani waligombana kwa miaka juu ya jina la tukio lile. Wizara ya Ulinzi ililiweka kwenye fungu la vurugu za mahali pa kazi. Majeruhi na familia za waliokufa walisema hapana, ule ulikuwa ugaidi. Hawakuwa wakibishania maneno tu. Medali ya Purple Heart, ambayo hupewa mwanajeshi aliyeumizwa na adui, huambatana na mafao na heshima, na aliyeumizwa katika vurugu za kazini haipati. Ilibidi sheria ibadilishwe, na medali zikatolewa Aprili 2015. Kwa watu wale, jina la tukio ndilo lililoamua kama serikali itawatambua kuwa waliumia vitani.

Machi 2012 nilikuwa mwaka wa pili Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tulikuwa tunakula chakula cha mchana mbele ya televisheni ya kantini tuliposikia kwamba mwanajeshi wa Marekani ametoka kambini usiku, wilaya ya Panjwai, mkoa wa Kandahar, akaingia nyumba za wanakijiji na kuwaua watu 16. Tisa kati yao walikuwa watoto. Baadaye tulijua jina lake: Sajenti Robert Bales.

Mezani tulikuwa sita, Waislamu na Wakristo. Hakuna aliyemgeukia mwenzake na kusema, "Ndugu yako kaua." Nilisubiri kidogo, nadhani, na haikutokea. Tuliendelea kula.

Siku zilizofuata nilisoma kila nilichokipata. Magazeti ya Marekani yaliandika kwamba hiyo ilikuwa safari yake ya nne vitani, kwamba aliwahi kuumia kichwa, kwamba ana mke na watoto wawili, kwamba nyumba yake ilikuwa na deni. Kuhusu Hasan, swali la kwanza la umma lilikuwa: hawa wa kwao ni akina nani? Kuhusu Bales, swali la kwanza lilikuwa: masikini, huyu alipatwa na nini? Waafghanistan nao walikuwa na swali lao: atahukumiwa wapi? Walitaka ahukumiwe kwao, mbele yao. Hawakukubaliwa. Bales alihukumiwa Marekani, kifungo cha maisha bila msamaha, na Agosti 2013 baadhi ya wanakijiji walisafirishwa kwa ndege hadi jimbo la Washington ili waeleze mahakamani walichopoteza.

Yote mawili ni maswali halali. Mtu anayeua wenzake 13 anastahili kuulizwa ana uhusiano na nani, na anayeua watoto tisa anastahili kuulizwa akili yake ilikuwaje. Nilichokiona ni kwamba maswali hayagawiwi sawa. Mmoja alipewa kabila zima la kubeba pamoja naye, na mwingine akapewa daktari.

Likizo ya mwaka huo nilirudi nyumbani. Gari la Bagamoyo tulilipanda Mwenge, na kabla hata hujazoea kiti unafika Lugalo. Kila anayetumia barabara ile anaijua kambi hiyo: ukuta mrefu, miti, na ghafla abiria wanapunguza sauti. Nimepita pale mara zisizo na idadi. Siku ile, labda kwa sababu kichwa changu kilikuwa kimejaa majina, niliwaza kwa mara ya kwanza kuhusu jina la kambi.

Lugalo si mahali pa Dar es Salaam. Ni sehemu iliyo karibu na Iringa, ambako tarehe 17 Agosti 1891 wapiganaji wa Mkwawa waliuvamia msafara wa jeshi la Wajerumani na kuumaliza kwa muda mfupi. Kamanda wa msafara ule, Emil von Zelewski, aliuawa papo hapo. Kambi ya barabara ya Bagamoyo ilirithiwa kutoka kwa Waingereza, nayo ikiitwa Colito, kwa kumbukumbu ya mapigano ya mwaka 1941 huko Ethiopia ambako askari wa KAR walishiriki. Baadaye nchi huru ikaibadilisha jina. Pale palipotajwa ushindi wa jeshi la mkoloni, tukaweka mahali ambapo jeshi la mkoloni lilishindwa.

Zelewski nilimfahamu kidogo, maana mchepuo wangu ulikuwa na historia. Miaka mitatu kabla ya Lugalo alikuwa Pangani, mwakilishi wa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Aprili 1888 Sultani Khalifa bin Said wa Zanzibar alikuwa amesaini mkataba wa kuipa kampuni hiyo utawala wa miji ya mrima, na Agosti maofisa wake wakaanza kupandisha bendera yao. Bagamoyo waligombana na liwali juu ya mlingoti wa bendera ya Sultani. Pangani walileta wanamaji kutoka kwenye manowari. Ilikuwa siku za Idd el-Hajj. Watu wa Pangani walisimulia kwamba wanajeshi wakimtafuta liwali waliingia msikitini na viatu, tena na mbwa. Mji ukachemka. Septemba wenyeji wakamfungia Zelewski ndani ya nyumba, na aliyemwokoa ni Jenerali Lloyd Mathews, Mwingereza aliyeongoza jeshi la Sultani. Zelewski akaenda zake Zanzibar, hai, akarudi baadaye akiwa na askari wengi zaidi.

Bagamoyo haikupata jenerali wa kuja kusuluhisha. Tarehe 22 Septemba 1888 watu walipoishambulia nyumba ya kampuni, wanamaji wa manowari Leipzig walishuka ufukweni na kumimina risasi. Waliouawa walizidi 100. Maelfu ya wakazi walikimbilia misheni ya mapadri wa Roho Mtakatifu, nje kidogo ya mji, ambako Padri Étienne Baur na wenzake waliwapokea Waislamu na Wakristo bila kubagua.

Tarehe hiyo sikuwahi kufundishwa. Nilizaliwa Bagamoyo, nikasoma historia hadi kidato cha sita, na sikujua kwamba siku moja ya Septemba watu zaidi ya mia moja wa mji wangu waliuawa kwa risasi. Tulichofundishwa, kwa Kiingereza, ni upinzani wa Abushiri: sababu zake sita na matokeo yake matano. Niliandika sababu zote sita kwenye mtihani nikapata alama zote.

Asubuhi moja nikamwomba shangazi anisindikize hadi makaburi ya Wajerumani pale ufukweni. Ni makaburi yapatayo 20, yamezungushiwa ukuta, yanatunzwa vizuri, na mengi ni ya watu waliokufa wakati wa vita vile au muda mfupi baadaye. Karibu yake pana mnara unaoonyesha mahali ambapo Wajerumani waliwanyonga Waafrika waliowapinga. Nilitembea kaburi hadi kaburi nikisoma majina na tarehe. Walikuwa vijana, wengine umri wangu. Nilitarajia kukasirika, lakini nilijikuta nawaonea huruma, maana kila mmoja alikuwa na mama aliyesubiri barua.

Nikamuuliza shangazi kama wale wa tarehe 22 Septemba wana ukuta wao mahali popote.

"Hawa wana ukuta kwa sababu wana watu wa kuwauliza," alisema. "Wa kwetu nani aliwauliza?"

Swali lake lilinirudisha chuoni na kunitafutisha jinsi umma wa wakati ule ulivyoipokea habari ya Bagamoyo. Nilikuta jambo ambalo nilikuwa nimelisikia tayari kwenye foleni ya uji.

Ujerumani walikipa kilichotokea jina la Uasi wa Waarabu. Si ufyatuaji risasi wa Bagamoyo, wala makosa ya kampuni iliyotaka kutawala mji kwa siku mbili tatu. Uasi wa Waarabu. Walioinuka walikuwa Waswahili wa miji ya pwani, Wazigua, Wabondei, watumwa waliotoroka, wapagazi, majumbe waliopoteza ushuru wao, na ndiyo, Waarabu pia, akiwamo Abushiri bin Salim mwenye shamba la miwa Pangani. Bwana Heri wa Saadani aliongoza watu wake mwenyewe. Lakini jina la Waarabu lilifaa, kwa sababu msomaji wa gazeti kule Köln alishaambiwa Mwarabu ni nani: ni mfanyabiashara ya watumwa. Tarehe 27 Oktoba 1888, majuma matano tu baada ya risasi za Bagamoyo, ulifanyika mkutano mkubwa katika ukumbi wa Gürzenich mjini humo, kupinga utumwa Afrika. Desemba, Ujerumani na Uingereza zikaizuia pwani kwa manowari. Mwishoni mwa Januari 1889 bunge mjini Berlin lilipitisha mark milioni 2 kwa ajili ya kukomesha biashara ya watumwa na kulinda maslahi ya Ujerumani.

Biashara ya watumwa ilikuwapo, na Bagamoyo ilikuwa mlango wake mmojawapo. Mtu wa Bagamoyo anayelikataa hilo anaidanganya nafsi yake. Lakini fedha zile zilimlipa Hermann Wissmann, naye akaajiri Wasudani wapatao 600 kutoka Misri na Washangaan kutoka Msumbiji. Tarehe 8 Mei 1889 jeshi hilo liliivamia boma ya Abushiri karibu na Bagamoyo na kuua watu wengi. Likafuata Saadani, likafuata Pangani, likafuata Tanga. Tarehe 15 Desemba 1889 Abushiri alinyongwa Pangani.

Yaani wanajeshi walipiga risasi mjini kwetu, na umma wa mbali ukauliza: hawa waliopigwa ni watu gani? Jibu lilipopatikana, kwamba ni Waarabu, risasi zikahalalishwa na nyingine zikaagizwa. Wissmann akajengewa sanamu ya shaba Dar es Salaam mwaka 1909, chini yake askari Mwafrika akimtazama kwa kuinua uso. Baada ya Waingereza kuchukua nchi sanamu ilipelekwa Hamburg, ikasimamishwa mbele ya chuo kikuu mwaka 1922. Ni wanafunzi wa pale, Wajerumani, walioiangusha mwaka 1967, na iliporudishwa wakaiangusha tena mwaka 1968. Nilipolisoma hilo nilifurahi, halafu nikaona aibu kwamba wanafunzi wa Hamburg walishughulika na jambo la Bagamoyo kabla yangu.

Pwani nayo ilikuwa na umma wake. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alitunga utenzi mrefu juu ya vita vile, kwa Kiswahili, akisimulia yaliyotokea kama mtu wa upande wa huku. Upo, unasomeka, na kijana yeyote anayelalamika kwamba historia yetu iliandikwa na wageni peke yao anapaswa kuusoma. Kichwa chake kinataja Vita vya Wadachi. Linganisha jina hilo na Uasi wa Waarabu, na hata na hili letu la vitabuni, Vita vya Abushiri. Mshairi peke yake ndiye aliyevipa vita jina la waliokuja na bunduki.

Ningependa kuishia hapo, wao wabaya na sisi tuliosahauliwa. Lakini kwenye kusoma kwangu nilifika Pugu. Tarehe 13 Januari 1889 wapiganaji wa upande wetu waliishambulia misheni ya Wabenediktini pale Pugu na kuwaua wamisionari watatu, mmoja wao mwanamke. Hawakuwa wanamaji wa Leipzig. Waliuawa kwa sababu ya taifa lao, na aliyewaua aliwatazama kama rafiki yangu alivyonitazama mimi kwenye foleni, isipokuwa yeye alikuwa na silaha. Katika sababu zangu sita na matokeo yangu matano Pugu haikuwamo.

Kisha nikarudi kwenye ukuta wa Lugalo. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964, kambi hiyo ikiwa bado Colito, askari wa Tanganyika Rifles waliwakamata maofisa wao Waingereza, wakaingia Dar es Salaam kudai mishahara na vyeo. Maduka ya Wahindi na Waarabu yaliporwa. Watu zaidi ya kumi waliuawa mjini, miongoni mwao mfanyabiashara Mwarabu wa Magomeni na watu wa nyumbani kwake. Zilikuwa zimepita siku nane tu tangu Mapinduzi ya Zanzibar. Muulize mtu leo juu ya maasi ya 1964, atakwambia Nyerere alifichwa, Kambona alizungumza na askari, Waingereza wakaitwa kuja kuyazima tarehe 25, nchi ikapata aibu, na tarehe 1 Septemba mwaka huo JWTZ ikazaliwa. Yote ni kweli, na tunayasimulia vizuri. Familia ya Magomeni haimo kwenye masimulizi. Hata Lugalo yenyewe, ile ya Iringa tunayojivunia, wengi wa waliolala pale pamoja na Zelewski walikuwa askari Waafrika, na sijawahi kusikia mtu akiuliza walikuwa watoto wa nani.

Miaka kadhaa baadaye rafiki yangu wa dawati, ambaye sasa ni mwalimu wa historia, alileta wanafunzi wake Bagamoyo kwa ziara. Aliniomba niwatembeze. Tulianza Kaole, tukaenda misheni, tukaishia ufukweni. Kwenye makaburi ya Wajerumani wanafunzi walihesabu mawe kwa sauti. Nikawaeleza kuhusu tarehe 22 Septemba, kisha kuhusu Pugu. Msichana mmoja, mdogo kwa umbo, aliuliza kwa nini hawa wahesabike na wale wa mji wasihesabike. Rafiki yangu akamwambia aliandike swali hilo kwenye daftari, asilifute.

Jioni wanafunzi walipokuwa wakinunua ukwaju na visheti, nilimkumbusha ile asubuhi ya redio ya matroni. Alinitazama kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka gizani.

"Shoga, kweli nilisema hivyo?"

"Ulisema."

Alinyamaza muda mrefu. Akaniomba radhi, na nikajua anamaanisha. Kisha akauliza, "Na wewe ulinijibu nini?"

Nikamwambia ukweli, kwamba nilicheka. Nilicheka ili mambo yaishe, ili uji usipoe, ili nisiwe mtu wa kuulizwa zaidi. Katika kicheko hicho nilikubali kwamba meja wa Texas ni wangu, na wale 13 sikuwauliza hata majina.

Basi lao lilipiga honi. Akapanda, akakaa dirishani, na gari likageuka kushika barabara ya Dar es Salaam, ile inayopita Lugalo.